Utambuzi wa Mchungulia-majani Mhamaji Mjini: Kalenda, Sauti na Bawa katika Divisheni ya Kawempe, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua ndege mdogo mhamaji aitwaye kisayansi Phylloscopus trochilus, na tabia zake katika miezi anayokaa au kupita Kampala. Hoja kuu ni kwamba ndege huyu yumo katika hatari ya kukosekana kwenye kumbukumbu za mazingira kwa njia mbili. Kwanza, hayupo kabisa katikati ya mwaka, hivyo tathmini inayofanywa miezi hiyo haiwezi kumkuta. Pili, anapokuwapo hufanana mno na ndege wengine wadogo, na rangi yake, ambayo watazamaji wengi huitegemea, ndiyo alama isiyoaminika kuliko zote. Makala yanapendekeza utambuzi unaoanza na kalenda, ukafuatwa na sauti, mwenendo na umbo la bawa. Mwisho yanajadili maana ya jambo hili kwa wapangaji wa mji katika Divisheni ya Kawempe, hasa kuhusu miti ya mitaani na ukingo wa ardhioevu ya Lubigi.

1.0 Utangulizi

Kawempe ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala. Iko upande wa kaskazini wa jiji, takriban kilomita 40 kaskazini ya ikweta. Ndani yake mna kilima cha Makerere na chuo kikuu chake, Mulago na hospitali yake, soko la Kalerwe, mabonde ya Bwaise yanayofurika mvua kubwa zinyeshapo, na vitongoji vya Kazo, Kyebando, Kanyanya na Mpererwe. Magharibi yake limelala bonde la ardhioevu ya Lubigi, ambalo maji yake huelekea Mto Mayanja, kisha Kafu, hadi mfumo wa Ziwa Kyoga na Naili.

Bonde hilo limebadilika sana katika kipindi cha kizazi kimoja. Barabara ya mzunguko wa kaskazini imepita humo, mtambo wa kusafisha majitaka ulizinduliwa mwaka 2014, na mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga ndani ya ardhioevu hiyo. Kila mjadala wa namna hii huzaa swali lile lile: ni kitu gani hasa kinachopotea au kinachookolewa? Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni ya maji, mafuriko na makazi. Wanyama wanapotajwa, hutajwa wale wanaoonekana kwa urahisi: korongo mwenye taji aliyemo katika nembo ya taifa, au korongo wakubwa wa majalalani ambao wakazi wa Kampala huwaita kalooli.

Ndege mdogo wa majani hatajwi. Katika Kiganda huingizwa katika neno pana akanyonyi, kindege, na katika ripoti nyingi za Kiswahili huishia kuwa “ndege wadogo wengineo”. Hata hivyo ndege huyu mwenye uzito wa gramu 8 hadi 10 ni sehemu ya uhusiano wa kila mwaka kati ya mitaa ya Kawempe na misitu ya Skandinavia, Urusi na Siberia. Serikali ya Uganda imejifunga kimkataba kuwashughulikia wanyama wahamaji, lakini ahadi hiyo haiwezi kupimwa bila rekodi, na rekodi haiwezi kuaminika bila utambuzi. Makala haya yanashughulikia hatua hiyo ya mwanzo.

2.0 Suala la jina

Jina la jenasi, Phylloscopus, limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya jani, na jingine lenye maana ya kutazama au kupeleleza. Jina hilo linaeleza tabia halisi, kwa kuwa ndege wa jenasi hii hutumia siku nzima akichungulia juu na chini ya majani akitafuta wadudu. Kwa sababu hiyo makala yanatumia istilahi ya kimaelezo mchungulia-majani kwa jenasi nzima. Haya ni mapendekezo ya kazi, na kila jina limeambatanishwa na jina la kisayansi ili msomaji asipotee.

Spishi nne zinatuhusu. Mchungulia-majani wa kawaida ni Phylloscopus trochilus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, naye ndiye kiini cha makala haya. Mchungulia-majani kifua-njano ni Phylloscopus sibilatrix, na mchungulia-majani miguu-myeusi ni Phylloscopus collybita. Hawa watatu ni wahamaji. Wa nne, mchungulia-majani wa Budongo, Phylloscopus budongoensis, ni mkazi wa kudumu wa misitu ya Uganda na nchi jirani. Alielezwa kisayansi mwaka 1907, na jina lake linatokana na msitu wa Budongo ulio magharibi mwa nchi.

Suala hili la istilahi lina uzito wa kiutendaji. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kufuatia maelekezo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ikiwa hati za mazingira zitaandikwa kwa Kiswahili, ni lazima ziweze kutenganisha spishi moja na nyingine. Hati inayosema “ndege wadogo wa kijani” haina tofauti na hati isiyosema kitu.

3.0 Utambuzi

3.1 Udanganyifu wa rangi

Mchungulia-majani wa kawaida ana urefu wa sentimita 11 hadi 12 na nusu kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mgongo wake ni wa kijani kilichochanganyika na kahawia, na tumbo lake ni jeupe lenye unjano kiasi. Juu ya jicho ana mstari wa nyusi wenye rangi hafifu ya njano, na mstari mweusi hupita katika jicho lenyewe. Mdomo ni mwembamba, wa mla wadudu. Miguu kwa kawaida ni ya kahawia nyepesi au ya waridi.

Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Ndege aliyezaliwa mwaka huo huo, anapofika Afrika mwezi Oktoba, huwa na unjano mwingi kifuani na tumboni, kiasi kwamba mtazamaji anaweza kumdhania kuwa spishi nyingine. Mkubwa wake huwa mweupe zaidi. Tena spishi hii ina nususpishi tatu. Nususpishi ya trochilus huzaliana magharibi mwa Ulaya. Acredula huzaliana kaskazini na mashariki mwa Ulaya hadi Siberia ya magharibi. Na yakutensis huzaliana mashariki zaidi, hadi mwisho wa Siberia. Kadiri mtu anavyokwenda mashariki ndivyo ndege wanavyopungua unjano na ukijani, hata wa yakutensis wakawa wa kijivu na kahawia kwa juu na weupe kwa chini. Kwa hiyo katika mti mmoja wa Kawempe wanaweza kukutana ndege wawili wa spishi moja ambao rangi zao zimeachana kuliko rangi za spishi mbili tofauti.

Si jambo la kushangaza, basi, kwamba hata Ulaya walichelewa kuwatofautisha. Ni Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne nchini Uingereza, aliyeeleza katika barua ya mwaka 1768, iliyochapishwa pamoja na nyingine mwaka 1789, kwamba ndege waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa wa aina tatu. Watatu hao ndio hawa wahamaji tuliowataja. Kilichomwongoza zaidi kilikuwa sauti zao.

3.2 Kuwatenga wakazi

Hatua ya kwanza uwandani ni kuwaondoa ndege wakazi wanaofanana naye. Wanaojitokeza zaidi katika bustani za Kampala ni ndege wa jenasi ya Zosterops, wadogo, wa kijani na njano, wanaotembea kwa makundi. Hawa wana duara jeupe kuzunguka jicho, na hawana mstari wa nyusi. Alama hiyo moja inatosha, mradi mtazamaji aione sura ya ndege kabla ya kuandika.

Wa pili ni Prinia subflava, mkazi wa nyasi na vichaka, ambaye ana mstari wa nyusi ulio wazi. Huyu ana mkia mrefu mwembamba anaousimamisha na kuutikisa, na hukaa chini karibu na ardhi. Mchungulia-majani ana mkia mfupi kiasi wenye ncha iliyokatika kidogo katikati, na kwa kawaida hutafuta chakula katika majani ya mti.

Wa tatu ni mchungulia-majani wa Budongo. Huyu ni ndege wa ndani ya msitu, na miti ya mitaani haimfai. Anayefanya kazi katika miti ya barabara ya Bombo au bustani za Makerere hana sababu ya kumtarajia. Anayefanya kazi katika msitu wa Mabira ni lazima amfikirie.

3.3 Kuwatofautisha wahamaji

Ndege akishathibitika kuwa mhamaji wa jenasi hii, sauti ndiyo inayofuata. Mlio wa mchungulia-majani wa kawaida una silabi mbili zinazopanda, mfano wa hu-it, ya kwanza ikisikika waziwazi kabla ya ya pili. Mlio wa miguu-myeusi ni mfupi, kama silabi moja: hwit. Kifua-njano hutoa mlio laini unaoshuka, wenye sauti ya huzuni. Wimbo kamili wa mchungulia-majani wa kawaida ni mfululizo wa sauti tamu unaoanzia juu, ukashuka taratibu na kufifia mwishoni. Tofauti na wahamaji wengi, ndege huyu huimba hata akiwa Afrika, na mwenye kuujua wimbo wake anaweza kumhesabu bila kumwona. Kifua-njano ni nadra kuimba awapo barani humu.

Mwenendo ni ushahidi wa tatu. Miguu-myeusi huzamisha mkia wake chini mara kwa mara, karibu bila kupumzika, anapotafuta chakula. Mchungulia-majani wa kawaida hutikisa mkia na mabawa mara moja moja tu, bila utaratibu huo wa kudumu. Miguu, licha ya jina tulilopendekeza, itazamwe kwa tahadhari: miguu-myeusi ana miguu ya rangi nzito, lakini wapo wachungulia-majani wa kawaida wenye miguu iliyokoza. Isitoshe, miguu-myeusi si ndege wa kawaida Uganda, na huonekana zaidi katika nyanda za juu. Rekodi yake Kawempe ingehitaji ushahidi wa picha au wa sauti iliyorekodiwa.

Kifua-njano hutambulika kwa mpaka mkali kati ya koo na kifua vya njano nzito na tumbo jeupe la kung'aa. Mabawa yake ni marefu, mkia unaonekana mfupi, na mara nyingi huyaacha mabawa yaning'inie kidogo. Huyu huelekea zaidi kwenye misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi hadi bonde la Kongo na Uganda, hivyo katika mji huonekana kwa uchache.

Wahamaji wawili wa jenasi nyingine hutatiza pia. Hippolais icterina naye ana unjano, lakini ni mkubwa zaidi, mdomo wake ni mpana wenye rangi ya waridi na chungwa kwa chini, na miguu yake ina kijivu cha kibuluu. Sylvia borin ni mnene, wa kahawia isiyo na alama yoyote, na uso wake hauna mstari wa nyusi unaostahili kutajwa.

3.4 Bawa kama ushahidi wa mwisho

Bawa likifungwa, ncha za manyoya makuu ya kurukia hutokeza nyuma ya manyoya mafupi ya ndani. Urefu wa sehemu hiyo inayotokeza ni kipimo kizuri hata kwa mtazamaji mwenye darubini ya kawaida, au kwa anayechunguza picha baadaye. Katika miguu-myeusi sehemu hiyo ni fupi, takriban nusu ya urefu wa manyoya ya ndani yanayoonekana. Katika mchungulia-majani wa kawaida hufikia robo tatu au zaidi. Katika kifua-njano ni ndefu kuliko wote. Mantiki yake iko wazi: arukaye mbali ana bawa refu lenye ncha kali.

Ndege akiwa mkononi mwa mtaalamu aliyemnasa kwa wavu ili amvishe pete, shaka huisha. Manyoya makuu yakihesabiwa kutoka nje kuelekea ndani, likiwemo lile dogo sana la kwanza, mchungulia-majani wa kawaida ana upungufu wa upana ukingoni mwa nyoya la tatu, la nne na la tano. Miguu-myeusi ana upungufu huo hadi nyoya la sita.

4.0 Tabia zake awapo Uganda

4.1 Kalenda

Wachungulia-majani wa kawaida huanza kufika Uganda mwishoni mwa Septemba. Baadhi hupita kuelekea kusini, baadhi hukaa, na kuanzia Machi wale waliokwenda kusini hurejea na kupita tena. Mwishoni mwa Aprili wengi huwa wameondoka. Mwezi Juni na Julai ndege huyu yuko kwenye kiota, maelfu ya kilomita kaskazini. Majira hayo yanaoana kwa sehemu na mvua mbili za Kampala, za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei, ambapo majani mapya na wadudu huwa tele.

4.2 Chakula na makazi

Chakula chake ni wadudu wadogo na buibui: vidukari, viwavi, nzi, mbu na wadudu wengine laini anaowaokota chini ya majani. Mara nyingine huelea hewani mbele ya jani kwa sekunde chache, au huruka ghafla kumkamata mdudu arukaye. Hachagui mti kwa jina, bali kwa wingi wa majani na wadudu. Ndiyo maana anaweza kuishi katika mandhari iliyochanganyika: mtuba wa kutengenezea vitambaa vya magome, msambya wa uani, mwembe, mparachichi, mgrevilea wa kando ya barabara, na vichaka vya ukingoni mwa mafunjo. Mara nyingi hujiunga na makundi ya ndege wa spishi mbalimbali wanaotafuta chakula pamoja.

Uwezo huo wa kuishi popote penye majani ndio unaowafanya wapangaji wamdharau. Hoja husikika kwamba ndege asiye na masharti hahitaji ulinzi. Lakini kutokuwa na masharti kuhusu aina ya mti si sawa na kutohitaji mti. Mtaa uliokatwa miti yote na kusakafiwa kutoka ukuta hadi ukuta haumpi chochote.

4.3 Kubadili manyoya

Jambo linalomtofautisha ndege huyu na karibu wahamaji wengine wote wadogo wa Ulaya ni kwamba mkubwa wake hubadili manyoya yote, yakiwemo ya kurukia, mara mbili kwa mwaka: mara moja baada ya kuzaliana huko kaskazini, na mara ya pili Afrika, hasa kati ya Desemba na Machi. Kuota manyoya mapya kunahitaji protini nyingi, na katika kipindi hicho uwezo wa kuruka hupungua. Kwa hiyo kwa ndege anayefanyia kazi hii Uganda, bawa litakalombeba kuvuka Sahara linajengwa kwa wadudu wa hapa. Makazi ya Afrika si pahali pa kupumzikia tu. Ni sehemu ya maandalizi ya safari.

4.4 Saa ya ndani

Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi kinachoweza kumwongoza mnyama. Je, ndege ajuaje kwamba Ulaya kumekucha na majira ya kuzaliana yamekaribia? Mwaka 1967 mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner alichapisha matokeo ya kuwaweka wachungulia-majani wa kawaida katika mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 bila mabadiliko. Ndege hao waliendelea kubadili manyoya, na kuonyesha mahangaiko ya usiku yanayoashiria hamu ya kuhama, kwa mzunguko unaokaribia mwaka mmoja. Yaani ratiba imo mwilini mwake.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwa sera. Ndege anayeongozwa na saa ya ndani hana habari ya hali ya Kawempe kabla ya kufika, wala ya hali ya Skandinavia kabla ya kuondoka. Akifika akakuta bonde limefukiwa, hana muda mwingi wa kutafuta jingine.

4.5 Njia

Tafiti za Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, zimeonyesha kwamba Skandinavia ina mpaka wa uhamaji. Ndege wa kusini mwa mpaka huo, wa nususpishi ya trochilus, huelekea kusini-magharibi hadi Afrika Magharibi; wa kaskazini, wa acredula, huelekea kusini-mashariki hadi Afrika ya mashariki na kusini. Tofauti za kijenetiki kati yao zimo katika sehemu chache tu za jenomu. Kwa upande wa mashariki kabisa, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia ndege wa yakutensis waliobebeshwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga. Ilibainika kwamba walisafiri takriban kilomita 13,000 kutoka Mashariki ya Mbali ya Urusi hadi Afrika Mashariki, kwa mkondo mmoja tu wa safari. Eneo letu ni pahali ambapo ndege waliotoka pande zilizo mbali sana wanaweza kukutana.

5.0 Kampala ina kipimo cha kulinganishia

Miji mingi ya Afrika haina rekodi ya zamani ya wahamaji wadogo. Kampala inayo. Mwaka 1972 David Pearson alichapisha katika jarida la Ibis utafiti kuhusu ukaaji na uhamaji wa ndege wadogo wa Ulaya na Asia jijini Kampala. Mwaka 1973 alichapisha katika jarida la Bird Study utafiti mwingine kuhusu ubadilishaji wa manyoya wa baadhi ya ndege hao nchini Uganda. Kazi hizo zilitegemea ndege waliotambuliwa kwa uhakika hadi kiwango cha spishi.

Zaidi ya nusu karne imepita. Mji umepanuka, mabonde yamejengwa, na huko kwenye mazalio nako mambo yamebadilika: kusini mwa Uingereza idadi ya mchungulia-majani wa kawaida imeshuka sana, ilhali Uskochi haikushuka kwa namna hiyo. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba chanzo cha mabadiliko hakiwezi kutafutwa upande mmoja tu wa safari. Watafiti wa Ulaya wanaweza kueleza kinachotokea kwenye viota. Kinachotokea katika miezi mingine ni sisi tunaopaswa kukieleza, na msingi wa mwaka 1972 unatupa fursa hiyo. Lakini ulinganisho utawezekana tu ikiwa takwimu za leo zitakusanywa kwa kiwango kile kile cha uhakika. Orodha ya “ndege wadogo 14” haiwezi kulinganishwa na chochote.

6.0 Maana kwa sera na mipango ya mji

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaiweka ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 na kanuni za tathmini za mwaka 2020 zimeweka utaratibu wa kuchunguza miradi kabla ya utekelezaji. Kimataifa, Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Spishi Wahamaji wa Wanyamapori uliotiwa saini Bonn mwaka 1979. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Quito mwezi Novemba 2014 uliidhinisha mpango wa utekelezaji unaohusu ndege wahamaji wa nchi kavu kati ya Afrika na Ulaya na Asia. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni kuviunganisha na maarifa ya uwandani. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, msimu wa tathmini. Uchunguzi wa viumbe kwa ajili ya mradi wowote unaogusa ardhioevu au miti mingi ujumuishe angalau ziara moja kati ya Oktoba na Aprili. Ripoti iliyofanyiwa kazi Juni na Julai pekee itangaze waziwazi kwamba haikuweza kuwahusisha wahamaji hawa, badala ya kuacha msomaji adhani kuwa hawapo.

Pili, kanuni ya uandishi wa rekodi. Mtazamaji aandike tarehe, pahali, alichosikia, mwenendo wa mkia, urefu wa ncha ya bawa, na mwishoni rangi. Asipokuwa na hakika aandike jina la jenasi peke yake. Rekodi ya Phylloscopus isiyotajwa spishi ni rekodi ya kweli; rekodi ya spishi iliyobahatishwa huharibu orodha nzima.

Tatu, miti ya mitaani. Mamlaka ya Jiji la Kampala na wakazi wanapopanda miti, thamani ya mti ipimwe pia kwa majani na wadudu wake. Miti ya asili kama mtuba na msambya ipewe nafasi, na upogoaji mkubwa, pale inapowezekana, usifanywe kati ya Desemba na Machi, wakati ndege hawa wanapobadili manyoya.

Nne, mafunzo. Makerere imo ndani ya Kawempe, na shirika la NatureUganda lina uzoefu wa miaka mingi wa kuhesabu ndege kwa kushirikiana na wanajamii. Mwongozo mfupi wa Kiswahili na Kiganda, wenye sauti zilizorekodiwa, ungewawezesha wanafunzi wa shule za Bwaise au Mpererwe kukusanya rekodi zenye manufaa. Kwa kuwa sauti ndiyo alama bora, kazi hii haihitaji darubini ya gharama kubwa. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanzia.

Ni lazima kukiri kwamba mapendekezo haya yanaingia katika mji wenye mahitaji makali. Familia ya Bwaise ambayo nyumba yake hufurika haiwezi kuambiwa ingoje kwa ajili ya ndege. Lakini bonde linalomlisha ndege huyu ndilo linalopokea maji ya mafuriko, na mti unaomhifadhi ndio unaowapa watu kivuli. Maslahi hayo hayapingani, na mipango inayoyatenganisha huyapoteza yote mawili.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mchungulia-majani wa kawaida hutambulika kwa uhakika endapo utaratibu utafuatwa: kalenda huthibitisha kama anaweza kuwapo, uso na mkia huwatenga wakazi, sauti na mwenendo huwatofautisha wahamaji, bawa huondoa shaka iliyobaki. Rangi huja mwisho. Tabia zake, hasa ubadilishaji wa pili wa manyoya na saa ya ndani inayomleta na kumwondoa bila kujali hali ya mji, zinaonyesha kwamba miezi yake ya Afrika ni sehemu kamili ya maisha yake.

Kampala ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo ya Afrika ya kitropiki kufanyiwa uchunguzi wa kina wa ndege hawa. Hatua inayofuata ni kurudia uchunguzi huo kwa vipimo vinavyolingana, kuanzia ukingo wa Lubigi na bustani za Makerere, katika msimu mmoja kamili wa Oktoba hadi Aprili. Matokeo yake, yawe ya kuongezeka au ya kupungua, yatawapa wapangaji wa Kawempe kitu ambacho hadi sasa hawana: jibu lenye jina la spishi, tarehe na pahali.